Sungusungu wa Shinyanga na Tabora: serikali inavyozaliwa, na kinachoifanya ifae

Kueleza kwa nini binadamu huunda serikali, wengi wetu tunaofundisha utawala huanzia Misri ya kale au Ugiriki. Mfano wa karibu zaidi upo Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima na wafugaji wa mikoa ya Shinyanga na Tabora waliunda chombo cha utawala wenyewe, bila mwanasheria, bila bajeti na bila maelekezo kutoka Dar es Salaam. Chombo hicho ni Sungusungu.

Kilichowasukuma ni wizi wa ng'ombe. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliacha silaha zikizagaa. Uchumi ulikuwa umeyumba, na polisi walikuwa wachache, wako mbali, na mara nyingi hawakuwa na usafiri. Katika maeneo hayo ng'ombe ndiye akiba ya kaya, ndiye mahari, ndiye wa kuvuta plau. Familia iliyoamka na kukuta zizi tupu ilikuwa imepoteza jasho la miaka.

Kwa nini kila mwenye mifugo hakulinda vyake tu? Kwanza, mtu aliyelima mchana kutwa hawezi kukesha kila usiku. Pili, wezi waliokuja kwa kundi wakiwa na bunduki hawakuzuilika na mtu mmoja mwenye rungu. Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha somo, ulinzi ukishakuwepo kijijini humfaidi hata asiyechangia. Kila mmoja akisubiri mwenzake alinde, hakuna atakayelinda. Barabara, maji safi na udhibiti wa kipindupindu viko hivyo hivyo. Watu huunda mamlaka ili mzigo ambao hakuna awezaye kuubeba peke yake ubebwe na wote, na anayekwepa ajulikane.

Ndivyo walivyofanya. Wanaume wazima wa kijiji waliingia wote, wakiwa na pinde na mishale. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa, kila aliyeusikia alipaswa kutoka na kufuata nyayo za ng'ombe, na kijiji cha jirani kikapokea msako pale wa kwanza walipoishia. Kiongozi waliyemchagua walimwita mtemi, cheo cha watawala wa jadi ambao nafasi yao serikalini ilifutwa mwaka 1963. Kulikuwa na katibu na makamanda. Adhabu ilikuwa faini, au kutengwa: majirani hawakusalimu wala kutoa msaada. Katika jamii inayolima kwa kushirikiana, kutengwa kunauma kuliko kifungo.

Sungusungu walifanikiwa kwa sababu walijua wanachokitawala. Walimtambua ng'ombe wa fulani kwa rangi na pembe, na walimjua kijana aliyepata fedha ghafla. Wizi ukapungua katika vijiji vingi, na mfumo ukaenea mikoa mingine. Mwalimu Nyerere aliwatetea, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili watambuliwe kisheria.

Lakini hadithi hii ina upande unaoumiza, na sitauruka. Watu waliomkamata mtuhumiwa ndio waliomhoji, wakamhukumu na kutekeleza adhabu. Hapakuwa na rufaa. Baadhi walipigwa hadi kukiri. Tuhuma za uchawi nazo zikaingia humo, na waliobeba mzigo wake ni wanawake wazee, wengine wakishukiwa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka mingi. Nguvu iliyomrudishia mtu ng'ombe wake ndiyo hiyo hiyo iliyomfukuza bibi kizee kijijini. Uwezo wa kutenda haraka, usipowekewa mipaka, humgeukia mnyonge kwanza.

Dola nayo ilikuwa imeangukia humo humo kabla ya Sungusungu. Katika msako wa vyombo vya usalama huko Mwanza na Shinyanga mwaka 1976, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa serikali. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumgusa mtu kwa mkono wake, lakini alijiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais. Kwa maoni yangu, kujiuzulu kule kuliijengea serikali heshima ambayo msako wote ule usingeweza kuileta.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali itawajibika kwao. Kwa mwanakijiji, jambo hilo linaanzia kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi kwa niaba ya mkutano huo. Ukidaiwa faini, uliza imo katika sheria ndogo gani. Sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka wanakijiji washirikishwe na Halmashauri ya Wilaya iipitishe. Ukitoa mchango, dai stakabadhi siku hiyo hiyo. Mikutano isipoitishwa, andikeni barua kwa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya, mkitaja tarehe ya mkutano wa mwisho na taarifa ya fedha mnayoidai. Isainiwe na wakazi wengi, wanawake na vijana wakiwemo, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.