Kabla Hujamwazima au Kumkodisha Mtu Chombo Chako

Mwenye chombo anayekuja kutuuliza habari za kukodisha aghalabu huanza na bei: mashua yake itoke kwa shilingi ngapi kwa siku, na mafuta yawe juu ya nani. Ni maswali ya haki, lakini hayafai kutangulia. Swali linalostahili kutangulia ni nani atakayeshika usukani, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata: leseni inayohitajika, bima kama itasimama au itaanguka, na mtu atakayeitwa kujieleza iwapo chombo hakikurudi.

Hapa Mombasa si jambo geni chombo kuwa cha mtu mmoja na kuendeshwa na mwingine. Wako wazee wengi, na wajane wengi, wenye mashua au ngalawa ambao hawaendi baharini kabisa. Chombo hukabidhiwa nahodha, na samaki wakishauzwa hutolewa fungu la chombo, fungu la nyavu, kisha mafungu ya mabaharia. Utaratibu huo umedumu kwa sababu una kinga ndani yake: nahodha anajulikana mtaani, riziki yake inatokana na chombo kile kile, na siku kikipasuka mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, yeye na watoto wake ndio wa kwanza kulala njaa. Anayeazima kwa siku moja, au anayekodi kwa saa nne ili atembeze wageni, hana kifungo hicho. Akishateremka na kulipa, chombo kimekuwa cha mwenyewe tena, pamoja na ufa aliouacha. Kwa hiyo mwenye chombo asidhani kwamba kwa kuwa babu yake alikuwa akitoa chombo bila karatasi, basi naye anafanya jambo lile lile.

Kwa maoni yangu, kumwazima mtu chombo bure ni hatari kuliko kumkodisha, ingawa wengi huliona kuwa jambo jepesi. Anayekodisha kwa fedha huwa anauliza, anaandika, anadai arbuni. Anayemwazima mtu hufungwa na muhali. Mpwa huja jioni na kusema, "Mjomba, niachie chombo kesho asubuhi, nina wageni wangu," na mjomba, kwa kuona haya kumhoji mtoto wa dada yake mbele ya watu, humkabidhi mashine na tangi la mafuta bila swali. Kumbe wageni wale ni watalii waliokwisha kulipa, ni kumi na wawili, na chombo kimekaguliwa kubeba sita. Mjomba hajapokea hata shilingi moja, lakini chombo chake sasa kinafanya biashara ya kubeba abiria. Ndiyo maana maswali mawili hayana budi kuulizwa hata kwa ndugu wa damu: watakuwemo watu wangapi, na je, yuko yeyote atakayelipa? Si kumkosea adabu. Mjini humu hatuhitaji kufundishwa maana ya chombo kuzidiwa na watu, kwa kuwa feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 walikufa watu zaidi ya 270.

Sheria inalitazama jambo hili kwa jicho la matumizi, wala haijali udugu. Vyombo vidogo vinasimamiwa na Mamlaka ya Masuala ya Bahari nchini, yaani KMA, chini ya Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009, na vile vya uvuvi vinahitaji pia usajili na leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Uendelezaji wa Uvuvi ya mwaka 2016. Boti ya kujifurahishia na jamaa, boti ya kuvulia na boti ya kubebea abiria wa malipo ni mambo matatu tofauti, hata kama faiba ni ile ile na mashine ni ile ile. Mwenye kutaka kukodisha boti yake kwa ajili ya abiria aende kwanza akakaguliwe kwa matumizi hayo, apate idadi ya watu iliyoidhinishwa, na ahakikishe kuwa anayeiendesha ana cheti cha uendeshaji wa chombo kidogo. Mvuvi hodari asiye na cheti anaweza kuwa mjuzi wa bahari kuliko mwenye nacho, nami nimewaona wa namna hiyo, lakini ajali ikitokea ujuzi wake hautamtetea mwenye chombo mbele ya wachunguzi.

Kuhusu dhima yenyewe, wengi hudhani kwamba chombo kikishatoka gatini mkononi mwa mtu mwingine, mwenye chombo hana lake tena. Sivyo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinasema katika kanuni ya pili kwamba hakuna chochote ndani yake kinachomwondolea dhima mwenye chombo, nahodha wala mabaharia kwa matokeo ya kutozifuata au ya kutochukua hadhari ambayo desturi ya ubaharia inaidai. Mwenye chombo ametajwa pamoja na nahodha, na hakutajwa kwa bahati mbaya. Anayempa chombo mtu asiyejua njia ya Kilindini amechangia ajali hata kama yeye alikuwa nyumbani amelala. Katika mlango mwembamba wa bandari, kanuni ya tisa inakataza chombo cha chini ya mita 20, au cha tanga, kuizuilia njia meli isiyoweza kupita salama ila ndani ya mlango huo. Meli ya makontena haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa. Mwazimaji ambaye hajui jambo hilo hukata mbele yake akidhani itampisha.

Bima nayo ina masharti yake. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya imejengwa juu ya ukweli kamili baina ya pande mbili, na mwenye bima aliyemwambia wakala kwamba boti ni ya matumizi ya nyumbani, kisha akaikodisha kila Jumamosi, ameivunja nguzo hiyo kwa mikono yake. Kabla ya kukodisha, mpelekee kampuni barua, eleza nani ataendesha na kwa kazi gani, na usubiri jibu la maandishi. Wakikataa, au wakiongeza ada kiasi cha kuila faida yote, umepata makadirio ya hatari kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kuikadiria.

Liko pia jambo la chombo kutumiwa kwa yaliyokatazwa. Uvuvi wa juya, yaani wavu wa kukokotwa hadi ufuoni, na wa bunduki za kuchomea samaki ulipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuvua hata kwa mshipi. Chombo kikikamatwa na walinzi kikiwa na juya ndani, kinachozuiliwa kwanza ni chombo. Makubwa zaidi ni dawa za kulevya: Agosti 2014 serikali iliilipua baharini, mbali kidogo na Mombasa, meli iliyokamatwa na heroini. Mwenye mashua ndogo asijione kuwa hayumo katika hesabu hiyo, kwa kuwa sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichotumiwa kuzisafirisha. Mtu asiyetaka kueleza anakokwenda usiku na chombo chako, usimpe.

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe, maana hapo ndipo hukumu ya mwenye chombo inapohitajika kuliko karatasi zote. Ujuzi wa baharia una mahali pake na majira yake. Kijana aliyekulia katika ghuba ya Tudor, akizoea maji yaliyosetirika na mikoko, anaweza kuendesha vizuri miaka yote na bado asijue lolote kuhusu kutoka nje ya mwamba wa Nyali au Bamburi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi hivi, bahari huwa na subira na makosa mengi husamehewa. Kusi ikishika, na hasa Juni hadi Agosti, upepo na mawimbi hupiga kutoka kusini, na mlango wa mwamba uliokuwa shwari mwezi Februari huwa mawimbi meupe matupu. Juu ya hayo yako maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti baina ya maji makuu na maji madogo hapa Mombasa hupita mita tatu, na mabadiliko hayo huchukua saa sita na dakika chache tu. Anayeegesha asubuhi maji yakiwa yamejaa, akaenda kula na wageni wake, atarudi akute chombo kimelala ubavu juu ya mawe. Na chombo cha mbao kikilala hivyo, kalafati, yaani pamba iliyoziba nafasi za mbao, hulegea na mbao za chini huachana taratibu, kiasi kwamba kovu lake huonekana wiki ya pili, mwazimaji akiwa amekwisha kushukuru na kwenda zake.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, mjaribu. Panda naye chomboni, mwambie atoke, ageuze, akaribie boya na kulishika bila kulipiga. Kama ni chombo cha tanga, mwambie abishe dhidi ya upepo na umtazame anavyoihamisha foromali, mti unaobeba tanga: mtu asiyejua hujitokeza wazi katika hatua hiyo. Nusu saa yatosha, na itakueleza zaidi kuliko sifa za watu kumi.

Mashine inataka maelezo ya peke yake, kwa sababu ndiyo ghali na ndiyo inayoharibiwa kwa kutojua. Mashine nyingi za mipigo miwili zinazotumiwa na wavuvi wetu hazina oili ya kwao ndani. Oili huchanganywa na petroli tangini. Kitabu cha mashine kikisema sehemu 50 kwa moja, basi galoni la lita 20 linahitaji mililita 400 za oili. Mwazimaji aliyezoea pikipiki ya mipigo minne hupita kituo cha mafuta, akajaza petroli tupu, akaondoka akijiona muungwana kwa kuwa amerudisha mafuta aliyotumia. Baada ya muda pistoni hunata ndani ya silinda, na mashine hufa mbali na pwani. Mchanganyie mwenyewe, au andika kipimo kwa rangi juu ya tangi. Mwonyeshe kijito cha maji ya kupoza kinachotoka nyuma ya mashine na umwambie kwamba kikikatika azime papo hapo, kwani huenda karatasi ya plastiki imeziba mahali pa kuvuta maji. Mfunge kamba ya kuzimia mkononi, ili akianguka mashine isiendelee kumzunguka. Katika boti ya faiba, mwonyeshe kizibo cha tundu la kutolea maji, na umwone akikifunga kwa mkono wake.

Vitu vya kukabidhi viandikwe: jaketi za kuokoa maisha kwa idadi ya watu wote na za watoto mbali, nanga na kamba yake, kasia, upo wa kutekea maji, tochi, filimbi, kizima moto, na redio kama ipo. Pigeni picha za ubavu wote, panga la mashine (propela) na kiasi cha mafuta, nyote mkiwepo. Mkataba wa kukodisha hauhitaji maneno mengi. Utaje nani nahodha na kwamba hataachia usukani mtu mwingine, mpaka wa safari, saa ya kurudi, idadi ya watu, arbuni, na nani atalipa nini kikivunjika. Mwazimaji naye aandikiwe yayo hayo, ila arbuni tu ndiyo iachwe. Mapatano ya mdomo yana nguvu kisheria, lakini kuyathibitisha baada ya hasara ni kazi nzito, na undugu huvunjika katikati ya uthibitisho huo.

Ukiniuliza shauri langu, ni hili: mwenye chombo asitoe chombo kitupu. Akitoe pamoja na nahodha wake, anayemlipa yeye na anayemsikiliza yeye, na mkodi awe abiria. Faida itapungua kwa ujira wa mtu mmoja, lakini amri itakuwa moja, na manahodha wawili watakuwa hawapo. Jibu hili pia huondoa uzito wa kukataa, kwa sababu humwambii ndugu yako kwamba humwamini, unamwambia, "Chombo kipo, shemeji, na nahodha wake yu tayari, mwambie tu saa ya kutoka." Anayelikataa jibu hilo bila sababu amekupa sababu ya kumkatalia.

Na akishatoka, awe nahodha wako au mtu mwingine, kazi yako haijaisha. Baki na karatasi yenye majina ya waliomo, rangi ya chombo, njia anayopita na saa ya kurudi, na mkubaliane mapema ni muda gani wa kuchelewa utakaohesabiwa kuwa dharura. Saa hiyo ikipita na simu haipatikani, usingoje giza wala usianze kuzunguka kwa jamaa ukiuliza. Toa taarifa kwa kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilichopo hapa Mombasa au kwa Walinzi wa Pwani. Mwenye redio aite katika chaneli 16, asiye nayo apige 999 au 112. Waambie mahali alipoonekana mwisho na saa gani, kwa sababu waokoaji hukadiria mahali pa kutafuta kwa mkondo na upepo wa tangu saa hiyo, na kila saa unayochelewesha taarifa hulipanua eneo la bahari wanalopaswa kulitafuta.