Jeni ni nini, na "GMO" ni kitu gani hasa

Shangazi yangu huuza kachri za muhogo jioni kule Lighthouse, Mombasa, pale magari yanapojipanga kutazama meli zikiingia Kilindini. Juzi mteja alichukua kachri moja, akaigeuza mkononi, akauliza, "Bi, huu muhogo si wa GMO?" Shangazi akamjibu bila kuinua macho: "Wa Kwale huu, baba." Mteja akaridhika, akaongezewa ndimu na pilipili, akaenda zake. Mimi niliyekuwa nimekaa juu ya ndoo nikimenya nikabaki nacheka, maana swali lilikuwa la jeni na jibu lilikuwa la jiografia.

GMO ni kiumbe ambacho jeni zake zimebadilishwa maabara, lakini mjini kwetu neno hilo limegeuka tusi. Kuku wa kizungu ni GMO, nyanya isiyooza ni GMO, kijana anayehema akifika ghorofa ya pili ni mtoto wa GMO. Huyo kuku anasingiziwa. Jeni zake hazikuchezewa maabara. Watu waliwachagua waliokua upesi wakawapandisha wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, hadi akapatikana anayefika kwenye sufuria baada ya wiki sita hivi. Ni kazi ile ile afanyayo mfugaji anapomchagua beberu wa kuwapanda mbuzi wake. Kama nyama yake haina ladha, mlaumu kwa umri.

Sasa jeni yenyewe. Ndani ya karibu kila seli ya mwili wako mna uzi mwembamba uitwao DNA. Ukiunyoosha wote wa seli moja unafika kama mita mbili, lakini umekunjwa ukakaa ndani ya kiini kisichoonekana kwa jicho. Uzi huo ni maandishi, na alfabeti yake ina herufi nne tu, A, T, G na C, ambazo kwa kweli ni kemikali nne. Kwa binadamu maandishi hayo yana herufi kama bilioni 6, nayo yamegawanywa katika kromosomu. Tunazo 46, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Jeni ni kipande cha maandishi hayo chenye agizo kamili, aghalabu agizo la kutengeneza protini fulani. Jeni za namna hiyo tunazo kama 20,000.

Seli haitoi uzi wenyewe nje ya kiini. Hunakili jeni inayohitajika tu kwenye karatasi ya muda, ambayo wanasayansi huiita RNA. Nakala hiyo husomwa na kifundi kidogo kiitwacho ribosomu, herufi tatu tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, na asidi hizo huungwa moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi. Mnyororo ukikamilika hujikunja wenyewe, na namna unavyojikunja ndiyo huamua protini hiyo itafanya kazi gani: kubeba hewa, kumeng'enya wanga, kujenga ngozi.

Kwa kuona herufi moja ina uzito gani, nenda Biashara Street uchukue kanga yenye maneno *Mcheza kwao hutunzwa*. Tuseme aliyepanga herufi kiwandani aliteleza, akaweka k mahali pa z. Itatoka *Mcheka kwao hutunzwa*. Pindo ni lile lile, mji ni ule ule, na sentensi bado yasomeka vizuri tu. Ila aliyekuwa atunzwe kwa kucheza, sasa atunzwa kwa kucheka. Na kosa likishaingia kwenye kiolezo, kila korija itakayofuata itatoka nalo.

Ugonjwa wa selimundu, ambao huku Pwani haukosi katika ukoo mkubwa, ni kosa la namna hiyo hasa. Kwenye kromosomu ya 11 ipo jeni inayoagiza sehemu ya himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mahali pa GAG pameandikwa GTG. Ni hilo tu. Kwenye mnyororo wa asidi amino 146, ya sita inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki, kama alivyobainisha mwanasayansi Vernon Ingram huko Cambridge mwaka 1957. Valini haipatani na maji. Kwa hiyo himoglobini zikishatua oksijeni hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu iliyokuwa mviringo inapinda kama mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza mtoto usiku kucha. Pia hufa mapema: chembe ya kawaida huishi kama siku 120, hizi huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto huyo damu humwishia.

Hapa niseme jambo linalovunja nyumba za watu. Mtoto akipatikana na selimundu, mara nyingi mama ndiye hunyooshewa kidole, au husemwa "damu zao hazikupatana". Hakuna damu iliyokataa nyenzake. Mtoto huugua anapopata nakala mbili zenye kosa, moja ya mama na moja ya baba, na wazazi wenyewe huweza kuwa wazima kabisa kwa sababu kila mmoja ana nakala moja mbovu na moja nzuri. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja katika nne wa kumpata mtoto mgonjwa. Nasisitiza kila mimba: si kwamba wa kwanza akiugua basi watatu wanaofuata wamesalimika. Kura hupigwa upya kila mara.

Mbona kosa baya hivi halikupotea? Kwa sababu ya mbu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja tu ya kosa hilo ana kinga kiasi dhidi ya malaria. Kwenye pwani yenye malaria, waliokuwa na nakala moja walikua, wakaoa, wakazaa. Herufi inayomuumiza mjukuu ndiyo iliyomwokoa babu.

Jambo lingine ambalo watu hulisahau ni kwamba kuwa na jeni si sawa na kuitumia. Seli ya jicho ina maandishi yote ya seli ya ini, lakini kila moja husoma kurasa zake. Jeni huwashwa na kuzimwa. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini nyingine, ya utotoni, yenye jeni yake tofauti. Akishazaliwa, jeni hiyo huzimwa polepole na ile ya ukubwani huwashwa. Ndiyo sababu mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzuri, ananenepa, kisha karibu na mwezi wa sita vidole vinaanza kuvimba na nyumba nzima inasema amepigwa kijicho. Kilichotokea ni kwamba swichi imegeuka. Jeni inayosimamia kuzima huko huitwa BCL11A. Lishike jina hilo kidogo.

Kubadilisha jeni si kazi moja. Ya zamani kidogo ni kuhamisha. Mwaka 1978 wanasayansi Marekani walichukua agizo la insulini ya binadamu wakaliingiza ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza, kwa kuwa alfabeti ya viumbe ni moja. Dawa hiyo iliruhusiwa mwaka 1982. Kabla yake insulini ilikuwa ikikamuliwa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Nguruwe, ndiyo. Namjua mzee mmoja wa Kibokoni asiyetaka kusikia habari za GMO, na chupa yake ya insulini ameiweka kwenye jokofu karibu na maziwa. Sijamwambia.

Ya pili ni kukata na kuhariri mahali pale pale, na hapo ndipo CRISPR inapoingia, tamka *krispa*. Bakteria nao hushambuliwa na virusi, na wale wanaonusurika huhifadhi vipande vya maandishi ya adui. Virusi akirudi, kipande hicho humwongoza mkasi wa protini, Cas9, hadi kwenye maandishi yanayolingana nacho, ukayakata. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba unaweza kuuandikia mkasi huo anwani yoyote uitakayo, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mkasi hukata tu. Anayeunga ni seli yenyewe, na kwa haraka yake mara nyingi huharibu herufi mbili tatu pale ilipounga.

Uharibifu huo ndio uliotafutiwa kazi. Mwaka 2019 huko Nashville, Marekani, Victoria Gray, mgonjwa wa selimundu, alitolewa seli zinazozalisha damu, zikakatwa maabara, akarudishiwa. Kilichokatwa si ile GTG. Ilikatwa sehemu inayoipa nguvu BCL11A kwenye seli za damu. Mzimaji alipodhoofika, himoglobini ya utotoni ikawaka tena, na hiyo haina kosa. Mimi ujanja huo hunifurahisha kila nikiufikiria: hawakusahihisha maandishi, walifungua ukurasa wa zamani. Tiba hiyo, Casgevy, iliruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi milioni 250 zetu, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho. Huku kwetu kilicho karibu ni haidroksiyurea, dawa ya kumeza, ambayo nayo hupandisha himoglobini ya utotoni bila kukata jeni yoyote. Ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha maumivu na malaria vikipungua.

Mabadiliko ya Gray yamo kwenye damu yake, hayaendi kwa wanawe. Mtu akigusa mimba changa, kila seli itakayotokana nayo itakuwa na badiliko hilo, na wajukuu pia. Mwanasayansi He Jiankui wa Uchina alifanya hivyo mwaka 2018. Alifungwa miaka mitatu.

Turudi kwenye muhogo. Jana asubuhi shangazi alipasua mmoja mkubwa, mweupe kwa nje, ganda safi. Kisu kikakwama katikati. Ndani mlikuwa na madoa ya hudhurungi, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, si batobato, ambayo huonekana waziwazi kwenye majani. Huu huweza kukuachia jani linalopendeza hadi siku ya kuvuna. Huletwa na virusi, na virusi husafirishwa na inzi weupe, au na sisi wenyewe tunapogawiana vijiti vya kupanda, kwa wema kabisa. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kutoka kituo cha Amani, kule Tanga. Watafiti wa hapo waliupandisha muhogo na jamaa yake, mti wa mpira, kutafuta kinga. Jeni maelfu zilichanganyika, kisha ikawabidi kuupandisha tena na tena na muhogo ili wapate mzizi unaolika. Hakuna anayeuita huo GMO.

Muhogo uliobadilishwa maabara umewekewa kipande cha maandishi ya virusi vyenyewe. Mmea hukinakili kuwa vijipande vifupi vya RNA, na kila RNA ya virusi inayolingana navyo hukatwakatwa kabla haijazaana. Aliyebeba kipande hadi ndani ya mmea ni bakteria wa udongoni, Agrobacterium, ambaye kuingiza jeni zake kwenye mimea ni kazi yake ya siku zote. Viazi vitamu tunavyopika kwa nazi mwezi wa Ramadhani vina jeni za jamii ya bakteria huyo. Ziliingia zenyewe zamani, na watafiti waligundua hayo mwaka 2015.

Kenya ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaiondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na watu wakaelekea mahakamani. Pamba ya namna hiyo iliidhinishwa 2019, na muhogo huu ukapewa kibali cha kutolewa mashambani kwa majaribio mwaka 2021. Wanaopinga wana maswali mazito, hasa la nani atamiliki mbegu. La kwamba ukiula jeni zako zitageuka, hilo halina mashiko. Kila tonge la wali lina DNA ya mpunga, na tumbo huimeng'enya kama chakula kingine.

Haya yote nilimweleza shangazi huku akikata pande zilizooza na kuzitupia mbuzi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua kile kipande kilichobaki, robo ya muhogo, akakipima kwa jicho.

"Huo mwingine," akauliza, "wakaanga vizuri? Au wanywa mafuta?"