Tafuta Kikundi Kabla ya Msimu wa Mabibo

Kwa mtu anayepambana kuacha pombe hapa Mtwara na Lindi, kuna kipindi kimoja cha mwaka kigumu kuliko vyote. Kuanzia Oktoba hivi mabibo, yale matunda ya mikorosho, yanadondoka mashambani, uraka, yaani pombe ya mabibo, unapatikana kwa bei ya kutupa, na wapo wanaouchemsha wapate gongo. Baadaye malipo ya korosho za mnadani nayo yanaingia. Ndiyo maana sisi wa huduma za afya ya akili tunawasihi watu wasingoje wazidiwe Desemba. Kikundi cha kuacha pombe kitafutwe mapema, mikorosho ikiwa bado ina maua.

Lakini mwili kwanza. Mtu anayekunywa kila siku, anayeamka mikono ikitetemeka mpaka azimue, asikate pombe ghafla akiwa nyumbani. Kutetemeka, jasho na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu anywe mara ya mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa na kuona wadudu au watu wasiokuwepo, na hali hiyo inaua. Tunaihofia hasa Ramadhani inapoanza, na Kwaresima pia, kwa sababu wenye nia njema kabisa huacha ghafla, kisha ndugu wakimwona anaweweseka husema amerogwa. Mpelekeni hospitali upesi: Ligula, Sokoine pale Lindi mjini, Ndanda, Nyangao, yoyote iliyo karibu. Mwelezeni daktari ukweli wote kuhusu unywaji wake, maana dawa za kutuliza na vitamini B1 hutolewa kwa kufuata maelezo hayo.

Mwili ukishatulia, hamu ya pombe bado ipo. Mwaka 1935, mjini Akron nchini Marekani, Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijiona yuko karibu kurudia. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, yaani AA. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565 yalionyesha kuwa tiba za kumwingiza mtu kwenye AA kwa utaratibu maalumu huwasaidia watu kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka.

Wengi hawaji kwa sababu wanadhani wataenda kuhojiwa. Hali ni tofauti. Viti vimepangwa duara, chai ipo, na kikao huchukua saa moja au moja na nusu. Mtu hujitaja kwa jina moja tu, akaeleza alivyokuwa anakunywa na anavyoishi sasa. Wengine husikiliza bila kumkatiza wala kumhubiria. Usipotaka kuzungumza, sema “leo nasikiliza”, inatosha. Hakuna ada, kikapu kikipita, mwenye chochote huchangia. Sharti la kujiunga ni moja, kutamani kuacha pombe. Hatua 12 za AA humtaja Mungu “kama tunavyomwelewa”, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo hukaa pamoja bila tatizo. Linalosemwa ndani halitoki nje, na katika miji yetu midogo, ambako kila mtu anamjua shemeji yako, hilo ndilo linalobeba kikundi kizima.

Ulizia kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwa mhudumu wa afya wa kijijini kwenu. AA pia ina vikao kwa njia ya simu na intaneti, ingawa vingi ni vya Kiingereza. Ukiingia kwa sauti bila picha, bando haliishi haraka.

Kikikosekana karibu, anzisheni. Wawili mnatosha. Ombeni darasa siku ya Jumamosi, mahali pasipouzwa pombe, na saa isibadilike. Wanawake watengewe kikao chao wakitaka, maana wengi hunywa kwa kificho, na baadhi yao uraka ndio unaolipa ada za watoto. Hao wanahitaji pia msaada wa kupata biashara nyingine, kuwakemea hakuwafikishi popote. Msimu ukianza, kutaneni mara mbili au tatu kwa wiki, na siku fedha za korosho zinapoingia benki, wanakikundi wawili waende pamoja kuzitoa.

Wake, waume na wazazi nao wanaumia. Kwa ajili yao ulianzishwa mtandao wa Al-Anon mwaka 1951, na hata hapa familia zinaweza kukutana kivyao, hata kama mnywaji mwenyewe bado anakataa.

Mwenzenu akirudia pombe, msimfute kwenye orodha. Apigiwe simu siku hiyohiyo, aulizwe kama amekula na kama anatetemeka, aambiwe kikao kijacho ni lini. Akifika bado ananuka pombe, apewe kiti, ila siku hiyo asikilize tu.