Je, wajua? Panya buku wa Pwani si "wa Gambia", ingawa wengi humwita hivyo

Simama soko la Kongowea, Mombasa, jioni mahamali wakimaliza kushusha magunia: panya mnene akikatiza mtaroni, hakosi mtu wa kusema, "Buku huyo!" Mara nyingi si buku. Ni panya wa mtaroni, Rattus norvegicus, aliyesambazwa na meli duniani kote. Jina lake lamwita wa Norwei, na asili yake ni Asia! Yeye ni wa familia ya Muridae. Buku yuko Nesomyidae, pamoja na wagugunaji wa asili wa Madagaska, kwa hiyo baadhi ya jamaa zake wako ng'ambo ya bahari.

Ukitaka kuwatenganisha usitegemee ukubwa. Buku aliyekomaa hupita kilo 1, wa mtaroni ni nadra kufika nusu kilo, lakini buku mchanga hulingana naye. Tazama mkia. Wa mtaroni ana mkia mfupi kuliko kichwa na kiwiliwili vikiunganishwa. Wa buku hulingana navyo au huvipita, na sehemu yake ya mwisho ni nyeupe kama iliyochovywa chokaa. Upime kuanzia shinani hadi nchani bila kuuvuta. Ikiwa ncha imekatika, na hutokea, kipimo hakina maana tena, chungulia mashavu. Buku ana mifuko ndani yake, huijaza kokwa na mahindi hadi uso ukavimba, kisha huenda kuvimwaga shimoni. Mifuko hiyo ndiyo asili ya jina la jenasi, Cricetomys, yaani panya mithili ya hamsta, mgugunaji mwingine mwenye mifuko mashavuni. Hata wadudu wake ni wa kwake: manyoyani mwake huishi Hemimerus, mdudu bapa asiye na mbawa.

Sasa hiyo Gambia. Mwaka 1840 mtaalamu wa wanyama Waterhouse alieleza buku aliyetoka Mto Gambia, akamwita Cricetomys gambianus. Majina yakaongezeka mno, hata mwaka 1967 yakapunguzwa hadi spishi mbili tu: emini wa msituni, na gambianus kwa karibu wote waliobaki. Buku wetu akaangukia fungu hilo la pili. Mwaka 2005 orodha kuu ya mamalia ikarudisha spishi nne: gambianus, emini, kivuensis na ansorgei. Wetu ni ansorgei, jina lililotolewa na mtaalamu mwingine, Thomas, mwaka 1904. Tangu hapo uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba huenda hata nne hazitoshi.

Kwa macho, gambianus na ansorgei ni vigumu kuwatofautisha. Hutazamwa fuvu, DNA na mahali alipokamatwa. Ripoti ya zamani ikitaja C. gambianus wa Kenya au Tanzania, soma ansorgei, wala usichanganye vipimo vyake na vya gambianus wa Senegal. Hata wale panya wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini ni ansorgei, ingawa magazeti mengi bado huwaandika wa Gambia.