Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma? Mpime kwa kidole

Tabora ndipo reli ya Kigoma na ile ya Mwanza zinapokutana, kwa hiyo sokoni utakuta dagaa wa maziwa mawili kwenye meza moja. Wa Kigoma ana bei zaidi, na wanaochanganya wanajua hivyo. Akishakauka, rangi haikusaidii sana.

Wa Mwanza, *Rastrineobola argentea*, kwa miaka mingi amehesabiwa kwenye ukoo wa karpu (uainishaji wa karibuni umemhamishia Danionidae, ukoo wa jirani, jikoni haibadilishi kitu). Dagaa wa Kigoma, *Stolothrissa tanganicae*, ni wa upande wa sadini. Udugu hakuna.

Loweka wachache kwenye maji ya uvuguvugu hadi walainike. Chagua mwenye tumbo zima, kisha pitisha ncha ya kidole chini ya tumbo, kutoka mkiani kwenda kooni. Wa Kigoma anakwaruza, maana ana safu ya magamba magumu yenye ncha zinazotazama nyuma, kama meno ya msumeno. Ukipapasa kuanzia kichwani hutasikia kitu, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Wa Mwanza ni laini kokote upapasapo. Tumbo likiwa limepasuka, angalia pezi la mgongoni: la wa Mwanza limesogea nyuma, limekaa juu ya lile pezi refu lililo nyuma ya tundu la haja.

Ukimpasua wa Mwanza aliyevimba tumbo unaweza kukuta utepe mweupe, pengine umejaza tumbo lote. Huyo ni mnyoo *Ligula*, anayependelea samaki wa kundi la karpu. Humfanya dagaa asizae, na hukomaa ndani ya ndege wanaokula samaki, kama mnandi. Kwa binadamu si tishio dagaa akipikwa akaiva. Mtoe tu, hapendezi.

Tatizo kubwa zaidi ni mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini mchangani hukauka juu huku upande wa chini ukibaki na unyevu, na mvua ikikatiza jua mafuta yake huharibika: anageuka hudhurungi, anawasha kooni. Huyo usimnunue hata kwa nusu bei. Wazuri waoshe maji matatu, ukiwachota kwa mikono kutoka juu. Ukiinamisha beseni kumwaga maji, mchanga ulioshatua chini unawarudia.