Moyo hauko kushoto, wala hakuna damu ya bluu

Mwambie mtu akuonyeshe moyo wake ulipo, wengi watashika upande wa kushoto. Ukweli ni kwamba moyo umekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, ila ncha yake ya chini imeelekea kushoto ndo maana mapigo unayasikia zaidi huko. Na hili sio la kujibia mtihani tu jamani, mtu akianguka moyo umesimama halafu wewe ukamkandamiza kushoto, nguvu zote zinaishia kwenye mbavu, mikono inatakiwa ikae katikati, nusu ya chini ya kidari.

Na hiyo kushoto kwenyewe inachanganya watu. Kwenye anatomia kushoto ni ya mwenye mwili, sio yako unayemtazama, kwa hiyo kwenye mchoro ini utaliona upande wako wa kushoto wakati kwa mwenyewe liko kulia.

Sasa damu. Hii imeota mizizi kabisa, eti kwenye vena damu ni ya bluu, na eti ateri inabeba damu safi na vena inabeba damu chafu. Damu ya binadamu ni nyekundu muda wote, ikiwa na oksijeni ya kutosha inang'aa, ikipungukiwa inakuwa nyekundu iliyoiva, na ile bluu unayoiona mkononi inatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi na kurudi machoni. Uchafu nao haupo, na kinachotofautisha mishipa hii ni mwelekeo: ateri inatoa damu kwenye moyo, vena inairudisha, basi. Ndo maana ateri ya mapafu inabeba damu yenye oksijeni kidogo na bado inaitwa ateri.

Mwelekeo wenyewe unaweza kuuona sasa hivi. Ning'iniza mkono mpaka vena zitokeze, chagua moja iliyonyooka, ibonyeze kwa kidole, kisha kwa kidole kingine isugue kutoka hapo kuelekea kwenye kiwiko halafu uachie hicho cha juu. Ukipata sehemu yenye vali, yaani vilango vidogo ndani ya vena vinavyopitisha damu upande mmoja tu, mshipa unabaki bapa, damu hairudi chini kwa sababu vali zinaizuia, ukiachia cha chini unajaa hapo hapo. Daktari Mwingereza William Harvey alilionyesha jaribio la namna hii kwenye kitabu chake cha 1628 akitetea kwamba damu inazunguka, na mimi kila nikilifanya bado linanifurahisha.

Mapafu nayo watu wanadhani yanajivuta yenyewe. Hayana msuli wa kufanya hivyo, kazi inafanywa na kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, pamoja na misuli ya mbavu, yaani kifua kinatanuka kwanza ndo hewa inaingia.

Kuna na ile ya kwamba mwanaume ana ubavu mmoja pungufu kuliko mwanamke. Mbavu za mwanaume hazijapungua hata moja, kwa kawaida ni jozi 12 kwa wote.

Kinachonisumbua zaidi ni figo. Mtu akiumwa kiuno tu anasema figo, anaanza kunywa madawa. Figo ziko juu zaidi ya hapo, nyuma, sehemu yake ya juu imefunikwa na mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo, na ya kulia iko chini kidogo kwa sababu ya ini. Maumivu ya chini kabisa ya mgongo mara nyingi ni misuli au viungo vya uti wa mgongo, lakini yakiwa ubavuni kwa nyuma na yamekuja na homa au damu kwenye mkojo, hapo nenda hospitali leo leo.