Wi-Fi isiyofika aneksi: dhana potofu zinazotugharimu na ukweli wake

Katika nyumba nyingi za Lubumbashi ruta, ambayo wengi wetu tunaiita modemu, hukaa saloni ya nyumba kubwa, huku televisheni ya vijana ikiwa katika chumba cha mwisho au katika aneksi, ile nyumba ndogo iliyo nyuma kabisa ya lupango, yaani kiwanja cha nyumba. Mechi ikifika dakika za mwisho, picha inaganda, duara linaanza kuzunguka katikati ya kioo, na kila mtu anatoa sababu yake. Sababu hizo nimezisikia kwa ndugu na majirani kwa miaka mingi, na kubwa kati ya zile zisizo za kweli ndizo zinazowatoa watu pesa.

Inayogharimu kuliko zote ni dhana kwamba picha ikikatika chumbani, dawa ni kununua kifurushi kikubwa zaidi. Ukweli ni kwamba video husafiri njia mbili: ya kwanza inatoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, ya pili inatoka kwenye ruta hadi kwenye televisheni, na kifurushi hugusa ile ya kwanza peke yake. Kabla ya kulipa chochote, simama na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima mwendo kwa programu ya kupimia intaneti, uandike namba. Kisha nenda palipo na televisheni, funga mlango kama unavyofungwa usiku, upime tena. Kwetu, namba ya saloni ilikuwa megabiti 18 kwa sekunde na ya aneksi ilikuwa 2. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya 1080p na 15 kwa picha safi zaidi ya 4K, kwa hiyo kilichokuwa kinaingia nyumbani kilitosha, nacho kilikuwa kinapotelea uani, kati ya kuta za matofali. Kama namba ya saloni nayo ni 2, hapo ndipo neno la kumwambia mtoa huduma, na hakuna kuhamisha ruta kutakakosaidia.

Neno «mega» lenyewe linachangia kosa hilo. Mega tunazonunua ni kiasi cha data, kama maji yaliyomo ndani ya pipa, ilhali megabiti kwa sekunde ni mwendo wa maji yanavyotoka bombani. Video inayokwenda kwa megabiti 5 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 2.25 kwa saa. Mtu mwenye gigabaiti 50 zilizobaki anaweza kukwama vilevile na jirani yake mwenye 3.

Wengine hutazama vistari vya Wi-Fi kwenye simu na kusema mtandao ni mzima kwa sababu vimejaa. Vistari hivyo huonyesha tu jinsi simu inavyoisikia ruta, au kifaa kingine kinachorusha Wi-Fi karibu na simu, bila kusema chochote kuhusu njia iliyobaki. Tena simu iko mkononi, mahali pa wazi, ilhali antena ya televisheni imefichwa ndani ya kifaa kilichoegemea ukuta, kwa hiyo ukiweza, soma namba kwenye televisheni yenyewe.

Kuna pia dhana kwamba jina la mtandao linaloishia na 5G ndilo la kuchagua daima, kwa kuwa ni la kisasa. Hiyo si 5G ya simu. Ni masafa ya gigahezi 5, ambayo wimbi lake lina urefu wa karibu sentimita 6, wakati lile la gigahezi 2.4 lina karibu sentimita 12.5. Masafa ya 5 hubeba data nyingi zaidi, lakini ukuta wa matofali ya kuchoma huyadhoofisha upesi, na ukuta uliolowa mvua huyadhoofisha zaidi. Ndani ya chumba kimoja, au ng'ambo ya ukuta mmoja, tumia 5. Hadi aneksi, mara nyingi 2.4 ndiyo inayofika, ila nayo ina msongamano: kati ya chaneli zake, yaani njia ndogo ambamo masafa hayo yamegawanywa, 1, 6 na 11 ndizo tatu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana, na katika mitaa ambayo malupango yamegusana migongo, majirani wengi wamekaa juu ya chaneli moja. Kuibadilisha katika mipangilio ya ruta hakulipiwi.

Jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote ni chuma. Husemwa kwamba mtandao «unachoka usiku», na ni kweli kwamba jioni watumiaji ni wengi. Lakini katika aneksi yenye mlango wa bati, mchana mlango uko wazi na mawimbi yanaingia; usiku unafungwa, nalo bati linayarudisha uani. Pima saa ileile, mlango ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa, na utajua kama unapambana na watumiaji wengine au na mlango wako. Kwa sababu hiyohiyo ruta isikae nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma wala sakafuni. Hata pasipo ukuta wowote, umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu ya wimbi inabaki robo, kwa hiyo kuitoa ruta kwenye kona ya saloni na kuiweka juu, kwenye dirisha linalotazama uani, kunaweza kuleta tofauti kubwa. Antena ziache zimesimama: hutoa mawimbi kwa ubavuni, na ukiielekezea aneksi ncha ya antena unaipa upande ulio dhaifu kabisa.

Sasa repeta, kile kifaa cha kupokea mawimbi na kuyarusha tena. Watu huamini kwamba huwekwa pale ambapo mtandao haufiki, nami nilifanya hivyo: niliichomeka kando ya televisheni ya aneksi, taa ikawaka, vistari vya simu vikajaa, na video ikaendelea kusimama. Repeta hurusha kile ilichopokea, na pale ilikuwa inapokea kidogo sana. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Hata hapo, repeta inayopokea na kurusha kwa masafa yaleyale hupunguza mwendo kwa karibu nusu, kwa kuwa haiwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia kwamba kebo ya mtandao ni mambo ya zamani. Kebo ya aina ya Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na haijali bati wala matofali. Ichomeke kwenye televisheni, au kwenye ruta ya pili itakayotoa Wi-Fi ndani ya aneksi. Kagua tu unachouziwa. Kata ncha, vua plastiki, kwangua uzi mmoja kwa wembe: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, lakini alumini iliyopakwa shaba itaonyesha weupe chini ya rangi. Alumini hiyo hukatika upesi na hupoteza nguvu zaidi njiani, na inauma kuuziwa kitu kama hicho katika mji wa mukuba, yaani shaba.

Kebo ya kuvuka uani ipitishe ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa. Katika miezi ya mvua, radi ikipiga karibu, umeme wake unaweza kupita kwenye kebo hiyo na kuunguza vifaa vya nyumba zote mbili, kwa hiyo wingu likianza kutanda, ichomoe pande zote mbili.